Ndege Kuukuu na Swali la Fundi

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kuwa mwamuzi wa mdahalo wa wanafunzi katika shule moja ya upili hapa Machakos. Mada iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: ni heri taifa likarabati ndege zake kuukuu za kivita kuliko kununua mpya. Nakiri kwamba nilipoisoma nilitabasamu. Tangu lini watoto wa milima ya Iveti na Mua, ambao wengi wao hawajapata kuketi hata ndani ya ndege ya abiria, wakawa na neno juu ya ndege za vita? Lakini mdahalo ulipoanza, tabasamu lilinitoka nikatafuta kalamu.

Upande wa utetezi ulianza kwa methali tuliyofunzwa sote: usitupe mbachao kwa msala upitao. Wakasema ndege moja mpya humeza fedha ambazo zingejenga mabweni na maabara katika wilaya nzima, na kwamba mtu mwenye busara hatupi jembe kwa sababu mpini umechakaa. Upande wa upinzani haukulaza damu. Msemaji wao wa kwanza, kijana mwembamba mwenye sauti nzito, aliuliza ikiwa kuna mzazi ukumbini ambaye angeridhia mwanawe atumwe angani ndani ya chombo kilichoundwa kabla baba yake hajaoa. Ukumbi ukavuma kwa makofi.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha nne, ambaye hata hakuwa miongoni mwa wasemaji, akasimama kutoka viti vya nyuma akauliza: "Mwalimu, ndege ikizeeka, huzeeka wapi?" Baadhi ya wenzake walicheka. Mwenyekiti alitaka kumkalisha akidai kwamba swali lile lilikuwa nje ya mada. Kabla sijapata kumtetea, kengele ililia. Nilitoa alama, nikaupa ushindi upande wa upinzani kwa ufasaha wao, nikaaga. Walakini swali la binti yule lilinifuata njia nzima hadi nyumbani. Leo naomba nafasi hii nilijibu, maana naamini kwamba halikuwa nje ya mada hata kidogo. Lilikuwa ndilo mada yenyewe.

Kwanza tukumbushane ndege zenyewe. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa haki ya Uganda. Kaskazini mashariki, Somalia ilikuwa na ndege za MiG kutoka Urusi, na ndoto yake ya Somalia Kuu haikuwa siri kwa mtu. Jeshi letu la wanahewa, lililoundwa rasmi tarehe 1 Juni 1964, lilikuwa bado changa. Mwaka huo huo wa 1976 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliagiza kutoka Marekani ndege 12 za F-5 za kampuni ya Northrop: 10 za kiti kimoja na mbili za viti viwili. Zilianza kuwasili mwishoni mwa mwongo ule na makao yake yakawa Nanyuki.

F-5 ni ndege ndogo yenye injini mbili, inayoweza kwenda kasi mara moja na nusu na zaidi kuliko sauti. Iliundwa makusudi kwa nchi zisizo na mifuko mirefu, ikasifiwa kwa wepesi wa kuitunza. Wala haikuwa pambo. Mwaka 1977, katika vita vya Ogaden, marubani wa Ethiopia waliokuwa na F-5 waliziangusha ndege za MiG-21 za Somalia, jambo lililowashangaza wengi waliodhani kwamba udogo wa chombo ni unyonge.

Wazee wenzangu hawajasahau tarehe 1 Agosti 1982. Asubuhi ile wanahewa waliojaribu kuipindua serikali waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke kutoka Nanyuki waende kushambulia shabaha za Nairobi. Marubani hao walitumia akili, mabomu yakaishia katika msitu wa Mlima Kenya mahali pasipo watu. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi siku zile ni mwana wa hapa hapa kwetu, Jenerali Jackson Mulinge wa Kathiani. Nalitaja tukio hili kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba siku ile hatima ya mji mzima haikuamuliwa na upya au ukuukuu wa ndege. Iliamuliwa na binadamu aliyeshika usukani wake. Tafadhali msomaji uliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Miaka 30 baada ya agizo lile la kwanza, Kenya ilizirudia F-5. Safari hii hazikutoka kiwandani. Northrop ilikuwa imeacha kuziunda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Serikali ilinunua ndege 15 zilizokwisha kutumika huko Jordan, na bei iliyotajwa magazetini ilikuwa takriban shilingi bilioni 1.5. Kelele zikapanda. Wapo waliouliza kwa nini tununue mitumba ya angani. Wapo waliojibu kwamba marubani na mafundi wetu walikuwa wameizoea aina ile kwa miongo mitatu, na kwamba bei ile ilikuwa nafuu mno ikilinganishwa na ya ndege mpya. Kwa hakika nafuu ilikuwepo. Mwaka 2011 jirani zetu wa Uganda walilipa takriban dola milioni 740 kwa ndege sita mpya za Su-30 kutoka Urusi pamoja na silaha zake, na wananchi wa huko nao wakalalamika. Basi anayenunua kuukuu hulaumiwa, na anayenunua mpya hulaumiwa. Je, nani mwenye haki?

Hapa ndipo swali la yule binti linapohitajika. Ndege huzeeka wapi?

Chukua kipande cha waya wa kufungia, mwanafunzi mpendwa, ukikunje halafu ukikunjue. Hakitakatika. Kikunje tena na tena mahali pale pale, na baada ya mara kadhaa kitakatika mkononi mwako bila wewe kuongeza nguvu yoyote. Hukuuzidi waya nguvu, umeuchosha. Wahandisi huuita hali hiyo uchovu wa metali. Bawa la ndege hupinda kidogo kila ndege inaporuka, na hurudi mahali pake kila inapotua. Rubani wa kivita anapokata kona kwa kasi, ndege huweza kuelemewa na uzito unaofikia mara saba ya uzito wake wa kawaida. Katika kila pindo la namna hiyo, mahali fulani pembeni mwa tundu la ribiti, ufa mdogo kuliko unywele huongezeka kidogo. Macho hayauoni. Rangi mpya huuficha.

Ndiyo maana umri wa ndege hauhesabiwi kwa kalenda peke yake. Huhesabiwa kwa saa ilizoruka, na tena kwa namna zilivyorukwa saa hizo. Ndege ya miaka 40 iliyobembelezwa yaweza kuwa kijana, na ya miaka 15 iliyoteswa ikawa ajuza. Na kuna mengine: kutu inayotafuna viungo, mpira unaokauka na kupasuka, nyaya ambazo gamba lake limekuwa kama ganda la yai. Hayo hayangoji ndege iruke. Huendelea hata ikiwa imeegeshwa.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa damu. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza aina ya Comet, ambazo zilikuwa fahari ya zama zake na hazikuwa kuukuu hata chembe, zilivunjika zikiwa angani na wote waliokuwamo wakafa. Wataalamu huko Farnborough walichukua Comet nyingine wakaizamisha katika tangi la maji, wakawa wanaipandisha na kuishusha shinikizo kana kwamba inaruka na kutua, hadi mwili wake ukapasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu. Kutokana na maarifa hayo ikaundwa Comet 4 iliyo imara zaidi, nayo ndiyo iliyonunuliwa mwaka 1960 na shirika letu la wakati ule, East African Airways. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani, ndugu zangu, hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Sasa tunaweza kusema kukarabati ndege maana yake nini. Kuna kazi tatu, na mtu asizichanganye. Ya kwanza ni ya kiunzi: kuifungua ndege hadi mifupa, kuipima kwa eksirei na kwa mawimbi ya sauti ili kuzitafuta nyufa, kubadilisha viungo vilivyochoka, na pengine kuipa mabawa mapya kabisa. Hii ndiyo inayoongeza umri. Kazi ya pili ni ya injini, nayo ni moyo wake. Ya tatu ni ya macho na masikio: rada, redio, skrini za rubani, vifaa vya kuelekezea makombora. Hii haiongezi umri hata siku moja. Huongeza uwezo tu. Mtu akikuwekea rada mpya katika ndege ambayo mabawa yake yamechoka, amempa miwani mzee mwenye ugonjwa wa moyo. Ataona vizuri zaidi pale anapoangukia.

Je, kazi hizo zikifanywa sawasawa, zafaa? Mgala muue na haki mpe: zafaa sana. Marekani, yenye utajiri wote ule, bado inarusha ndege za B-52 ambazo aina yake iliruka kwanza mwaka 1952 na ya mwisho iliundwa mwaka 1962. Mpango wao ni kuzipa injini mpya za Rolls-Royce na kuzitumia hadi miaka ya 2050. Rubani atakayeirusha ya mwisho huenda hajazaliwa. Ndugu yake F-5, ndege ya mafunzo ya T-38, iliruka kwanza mwaka 1959, nayo imewafunza vijana, kisha wana wao, kisha wajukuu wao. Kwa hiyo wale wanaocheka kila kilicho kuukuu na wacheke kwa kiasi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Lakini mfano unaonigusa zaidi hautoki kwa tajiri. Unatoka Brazil, nchi iliyowahi kutawaliwa na wageni kama sisi na yenye maskini wake kama sisi. Nao walikuwa na F-5 zilizozeeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliipa kampuni yao wenyewe ya Embraer, iliyoundwa mwaka 1969, kazi ya kuzifanya upya ndege 46 ikishirikiana na kampuni ya Elbit ya Israeli. Walizitia rada kutoka Italia, skrini mpya, redio mpya na uwezo wa kurusha makombora ya kisasa. Ya kwanza ilikabidhiwa jeshi mwaka 2005. Kisha, sikilizeni, Brazil nayo ilinunua F-5 11 zilizotumika, na ilizinunua kutoka Jordan. Naam, Jordan ile ile, karibu wakati ule ule tuliponunua zetu, na mwaka 2011 Embraer ikapewa kandarasi ya kuzikarabati.

Wanunuzi wawili walikwenda soko moja wakanunua mtumba wa aina moja. Tofauti yao ni nini? Mmoja alikuwa na cherehani nyumbani.

Na yupo mnunuzi wa tatu, wa karibu zaidi. Mwaka 1998 Uganda ilinunua kutoka Belarus helikopta kuukuu za kivita aina ya Mi-24. Zilipofika ilibainika kwamba hazikuwa katika hali ya kutumika kama ilivyotarajiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde ikaundwa kuchunguza, na yaliyofichuka yalihusu ulaji zaidi ya yalivyohusu uhandisi. Fundi hakuwa na sauti pale penye mikono iliyokuwa ikihesabu malipo ya pembeni.

Hili ndilo jambo langu kuu. Swali la kuukuu au mpya si swali la kwanza. Swali la kwanza ni la fundi: je, tunaye mtu wetu wa kuufungua mwili wa chombo hiki, kuuona ufa, kuuandika daftarini, na kusema "hii isiruke" bila kuogopa cheo cha aliye mbele yake? Tukiwa naye, ndege kuukuu ni akiba. Tusipokuwa naye, ndege kuukuu ni jeneza, na ndege mpya nayo ni jeneza lililocheleweshwa, kwa sababu hata mpya huanza kuzeeka siku ya kwanza inapoacha ardhi.

Sisi watu wa Machakos tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba milima hii yetu ilikuwa inakufa, udongo umekwenda na maji, jangwa liko mlangoni. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoushangaza ulimwengu: watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Ni muujiza gani? Ni matuta ya fanya juu, yaliyochimbwa kwa jembe la mkono, mengi kati yake na vikundi vya akina mama, na kurekebishwa kila msimu baada ya mvua. Ardhi ilikuwa kuukuu. Hatukununua mpya. Lakini hatukuipaka rangi pia. Kila mwaka kulikuwa na mtu aliyepita akitazama tuta limebomoka wapi.

Tazama vilevile gereji zetu. Kwa miaka mingi Peugeot 404 na 504 zilizokuwa zimeandikiwa kifo kwingineko zilipanda na kushuka milima yetu zikiwa na abiria hadi kwenye buti. Mafundi wetu wa jua kali walikuwa madaktari wake. Nawaheshimu mno. Hata hivyo heshima isinizuie kusema ukweli: gari likizimika mlimani, dereva hutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Ndege ikizimika, jiwe ni yenyewe. Ndiyo maana ufundi wa angani hauvumilii "itafika tu". Hudai daftari. Hudai saa ziandikwe, kipuri kijulikane kimetoka wapi, na sahihi ya mtu iwe chini ya kila kazi. Kipaji tunacho tele. Daftari ndilo linalotushinda.

Sitaki kuyasema haya kana kwamba ni mambo ya vitabuni. Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, rubani wa ndege za kivita tangu ujana wake, alifariki pamoja na wanajeshi wengine tisa helikopta yao ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Wawili walinusurika. Walimu wenzangu, kumbukeni alikuwa ametoka wapi: aliruka kutoka uwanja wa Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel, katika ziara ya kuona shule zilizofungwa kwa sababu ya ujangili zikifunguliwa tena. Helikopta ile ilikuwa ya jamii ya Huey, ambayo ya kwanza iliruka mwaka 1956. Sisemi kwamba uzee ndio uliowaua. Kama nilivyokwisha kueleza, kalenda peke yake haiui. Lakini katika kila kibanda cha chai hapa mjini wiki ile niliusikia umma ukiuliza swali lile lile aliloliuliza binti wa kidato cha nne kwa maneno mengine. Wananchi wanastahili kulijua jibu lake kabla ya msiba, si baada.

Kuna hoja moja ya wapinzani wa mdahalo ambayo haikutamkwa, nami nitawasaidia. Hata tukiwa na fundi hodari, yafaa kuuliza: tunakarabati kwa ajili ya vita gani? F-5 zilinunuliwa kupambana na MiG za majirani. Majirani hao leo tunakaa nao katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, Somalia ikiwa imeingia rasmi mwaka 2024. Ni kweli kwamba Oktoba 2011 majeshi yetu yalipoingia Somalia kuwasaka Al-Shabaab, F-5 zilitumika. Ni kweli pia kwamba baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ndege zetu zilikwenda kupiga kambi za magaidi katika eneo la Gedo. Lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kutoka zizini. Watu 148, wengi wao wanafunzi wenye umri wa wale niliowaona ukumbini, walikuwa wamekufa, na kikosi maalumu cha polisi kilifika huko saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Siku ile Kenya haikukosa ndege ya kuipita sauti. Ilikosa ndege ya kuwabeba waokoaji kwa wakati. Basi kabla ya kuongeza umri wa chombo chochote, tujiulize kama kazi yake bado ipo, au kama fedha zile zingefaa zaidi helikopta za uokoaji, ndege za mizigo, au ndege zisizo na rubani za kulinda mpaka. Kukarabati kwema ni pamoja na kujua cha kustaafisha.

Narudi kwa fundi. Atatoka wapi? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana nchi nzima. Nilifundisha ufundi wa chuma katika mojawapo. Vijana wangu walijifunza kupima kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, na zaidi ya hapo walijifunza kukubali kwamba kazi iliyokosewa imekosewa, hata kama aliyeikosea ni kiranja. Mwongo wa 2000 ulipoingia na mtaala kupunguzwa, somo likafifia. Siku moja nilikuta mashine ya kukerezea imefunikwa kwa gunia na juu yake yamepangwa magunia ya maharagwe ya chakula cha mchana. Sikumlaumu mwalimu mkuu. Watoto lazima wale. Lakini niliondoka moyo ukiniuma.

Hatukukosa ndoto. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi kilionyesha gari la Nyayo Pioneer, lililoundwa na Wakenya, na kutokana na juhudi zile kikazaliwa mwaka 1994 kiwanda cha kukereza vyuma kwa mashine za kompyuta. Gari halikufika sokoni. Tulilifanyia mzaha mwaka baada ya mwaka, tukasahau kwamba Brazil nayo ilianza na ndege ndogo ambayo wengi waliicheka. Tofauti ni kwamba wao hawakufunika mashine kwa gunia.

Sasa mtaala wa umilisi umeyarudisha masomo ya ufundi katika sekondari ya juu: ufundi wa vyuma, umeme, mitambo, hata usafiri wa anga. Nalishangilia jambo hilo, lakini karatasi haipindi chuma. Maadamu shule itakuwa na jina la somo bila karakana, bila vifaa na bila mwalimu aliyefunzwa, tutakuwa tumeitia rada ndege isiyo na mabawa. Shilingi bilioni 1.5 ni fedha nyingi. Yamkini sehemu yake tu ingefufua karakana zote za kaunti hii. Sisemi tuchague kati ya ulinzi na elimu. Nasema karakana ya shule ni sehemu ya ulinzi, tena sehemu yake ya kwanza.

Fauka ya hayo, pana suala la siri. Kila tuulizapo juu ya ununuzi wa kijeshi hujibiwa kwamba ni usalama wa taifa. Naikubali siri ya shabaha na ya safari. Sikubali siri ya ankara. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa dola, na kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu kukagua matumizi ya fedha za umma. Adui tayari anajua kwamba F-5 ni kuukuu. Ndege aina hiyo zimeandikwa katika vitabu vya watoto. Asiyejua kama zimekaguliwa ni mzazi wa rubani.

Nimekwisha. Upande wa upinzani uliushinda mdahalo ule na sitawanyang'anya ushindi. Walizungumza vizuri zaidi. Lakini kama ningepewa kura ya pili, ningeitoa kwa binti aliyekuwa nje ya mada. Nimemtumia mwalimu wake kipande cha waya na barua fupi. Nimemwomba amwambie hivi: ndege huzeeka pale ambapo hakuna anayetazama. Akitaka kuwa mmoja wa watazamaji, asome hesabu na fizikia, na aulizie karakana ya shule yao iko wapi. Nikialikwa tena nitakwenda kuiona mimi mwenyewe kabla sijaingia ukumbini.